Stakabadhi ya Kivuli

Hadithi zangu za kutisha nimezipanga zote Newala.
Sikwenda kuazima ngome kwenye theluji ya watu.
Ukungu tunao: hupanda kutoka bondeni alfajiri ya Juni,
humeza mnara wa simu, humeza zahanati,
huacha kengele ya mbuzi ikitembea peke yake.
Na shimo tunalo. Tumeliita la Mungu,
maana hakuna mwingine aliyekubali kuandikisha jina.

Kitabu cha tatu nilimleta Karani.
Hana uso. Mahali pa uso pana saa ya mizani,
mshale unatetemeka kwenye sifuri.
Huja msimu wa korosho, vibatari vikishazimwa,
hutandika gunia, husema kwa upole: "Panda."
Mwili haupimi. Anapima kivuli.
Hukata kilo mbili za unyaufu, kilo moja ya kamba,
hukupa karatasi, malipo baadaye.
Asubuhi unatoka juani, na chini yako
hakuna kitu.

Zilichapwa nakala mia tano.
Mia tatu zilibaki uvunguni, mchwa wakizisoma.
Sijui hizo nyingine zilipita mikono ya nani.

Mwaka wa uchaguzi, stendi ya Kitangari,
bango la diwani aliyekuwepo lilikutwa asubuhi
uso umefutwa kwa mkaa, pamechorwa duara na mshale.
Chini yake, maneno ya ukurasa wangu wa tisini na moja:
RUDISHENI VIVULI VYETU KWANZA.
Jumatatu ile chama cha msingi kilifunga ghala saa nne.
Wakulima wakasimama juani, kimya,
kila mmoja akitupa jicho miguuni pake, kuhakikisha.

Nikaitwa ofisini. Kitabu kipo mezani,
kurasa zimekunjwa pembe kama masikio ya mbwa.
"Nani anakupa siri za ghala?"
Hakuna, afande, hii ni habari ya jini.
"Basi jini lako limejulia wapi makato?"

Sikuwa na jibu. Au nilikuwa nalo, halina umri wa kusema:
miaka tisa, nimesimama nyuma ya mlango,
mwezi wa njaa, mtu wa kangomba kabisha hodi
na kopo lake, kitako kimegongwa kikatoka tumbo.
Baba anajaza. Kopo halijai.
Anajaza. Mikorosho hata maua haijatoa
na tayari imeshaliwa.
Alipogeuka, kivuli chake ukutani
kilikuwa chembamba kama ufito.
Sikutabiri chochote. Nilikumbuka,
halafu nikakitia kumbukumbu meno.

Mpinzani wake, Bwana Hokororo, yeye alifurahi.
Alinunua nakala arobaini, akapanda jukwaani na mizani ya kweli,
akaipiga teke, watu wakapiga vigelegele.
Akanikumbatia mbele ya kadamnasi, jasho lake shingoni mwangu:
"Mwandishi, tuandikie sehemu ya pili.
Ila safari hii Karani awe wa chama kile."

Alishinda. Mizani ilinyooshwa kwa nyundo,
ikarudishwa ghalani.

Wenzangu washairi wananisuta:
maneno haya hayana vina, hayana mizani.
Vina? Njooni ukingoni mwa shimo, mchungulie.
Mizani ndiyo nimeikataa.

Jana Somoe Namkumba alinisimamisha njiani,
ndoo kichwani, kilo mia sita na kumi na mbili
zikiwa ndani ya pindo la kanga, mwezi wa saba sasa,
wino umeanza kuyeyuka.
Akauliza kama mwishoni Karani anakufa.
Nikasema: bado sijafika huko.
Akaikunja karatasi, akaifunga upya, fundo mbili.
Ilikuwa saa sita kamili, jua utosini.
Tukaangalia chini, wote wawili,
kwa wakati mmoja.